Karakana ya seremala nyumbani: ubao ndio unaopanga chumba

*Wengi huanza kwa kununua mashine, kisha wakagundua kuwa chumba, upepo, umeme na jirani navyo vina neno. Makala hii inaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuandaa karakana inayofanya kazi bila kuiumiza nyumba.*

Mbao nyingi zinazouzwa Dar es Salaam zina urefu wa futi 12. Chumba cha uani ambacho seremala anayeanza hukigeuza karakana mara nyingi kina futi 10 kwa 12. Ubao huingia humo bila shida. Shida huanza siku ya kuupasua.

Msumeno wa meza ukiwekwa katikati ya chumba, ubao huo unahitaji futi 12 mbele ya msumeno kabla haujakatwa, na futi 12 nyingine upande wa pili ukimaliza kupita. Jumla ni futi 24, mara mbili ya urefu wa chumba chenyewe.

Ndiyo maana mbao hupasuliwa uani juani, waya wa umeme ukiwa umelazwa mchangani na watoto wakipita kando. Fedha imeshatumika kwenye mashine, chumba kimeshaezekwa, lakini kazi yenyewe imehamia nje kwa sababu hakuna aliyepima safari ya ubao kabla ya kujenga.

Karakana ya nyumbani huharibika au hutengemaa katika uamuzi wa namna hiyo: mlango uko wapi, upepo unatoka upande gani, waya una unene gani, na nani analala nyuma ya ukuta. Zana huja baadaye.

Ufundi ulioishi nyumbani tangu zamani

Useremala wa pwani ya Afrika Mashariki haukuanza na mashine. Mafundi wa milango ya nakshi wa Unguja na Lamu walifanya kazi kwa patasi na nyundo, na waunda majahazi wa Nungwi wanajulikana hadi leo kwa tezo, msumeno wa mkono na keekee ya kuzungushwa kwa kamba.

Kazi ya aina hiyo ilikaa vizuri na makazi ya watu. Patasi na randa ya mkono hutoa maranda, yale manyoya mepesi ya mbao yanayoanguka miguuni na kufagiliwa jioni. Haziachi wingu la vumbi hewani wala kelele ya kumwamsha mtoto mchanga nyumba ya pili.

Mashine za umeme zilibadili hesabu hiyo. Msumeno wa mviringo na mashine ya msasa hufanya kwa dakika chache kazi ya nusu siku, lakini hutoa vumbi laini linaloelea na mlio unaovuka ukuta. Maeneo kama Keko, wilayani Temeke, yalijipatia jina kwa samani kwa sababu mafundi walikaa pamoja, mashine zikawa jirani na wateja wakajua pa kwenda.

Hata hivyo, kodi ya fremu ya biashara ni mzigo kwa anayeanza, na uani ni bure. Hapo ndipo mvutano unapozaliwa. Upande mmoja unasema karakana ya nyumbani huokoa kodi na nauli, hulinda zana dhidi ya wezi, na humwezesha fundi kufanya kazi hata saa moja ya jioni. Upande wa pili unasema makazi ni mahali pa kupumzika, na vumbi na kelele za biashara ya mtu mmoja hazipaswi kulipiwa na mapafu ya mtaa mzima. Pande zote mbili zina hoja, na mpangilio mzuri wa karakana ndio unaoweza kuzipatanisha.

Upepo kwanza, msingi baadaye

Anayejenga banda katika kiwanja cha pwani ana bahati moja: pepo zake zinajulikana. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka, na kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Upepo wa bahari wa mchana nao hutoka mashariki.

Pepo zote tatu zina upande wa mashariki ndani yake. Kwa hiyo banda lililojengwa magharibi ya nyumba hupeleka vumbi mbali na vyumba vya kulala karibu mwaka mzima. Likijengwa kaskazini, nyumba husalimika wakati wa kusi, lakini kaskazi inapoingia vumbi hurudi jikoni.

Lipo swali moja kabla ya kuchimba msingi: upande wa magharibi wa kiwanja yuko nani? Kama dirisha la jirani liko futi 6 kutoka ukutani, vumbi limehamishwa tu kutoka familia moja kwenda nyingine. Ukuta wa upande huo usiwe na tundu, na matundu ya hewa yafunguke kuelekea uani.

Mwanga una hesabu yake pia. Katika nchi zilizo karibu na ikweta jua kali huingia kwa madirisha ya mashariki na magharibi. Madirisha ya kaskazini na kusini hutoa mwanga tulivu ambao seremala anauhitaji kuona mstari wa penseli. Kwa fundi anayetumia mkono wa kulia, mwanga ukitoka kushoto kivuli cha mkono hakifuniki alama.

> Msumeno utazamane na mlango. Ubao mrefu uanzie ndani na umalizie nje.

Safari ya ubao

Kanuni ya kupanga karakana ndogo ni kuufuata ubao tangu unaposhushwa kwenye mkokoteni hadi unapotoka ukiwa kabati. Huhifadhiwa, hukatwa, hurandwa, huchongwa maungio, huunganishwa, hupigwa msasa, kisha hupakwa vanishi. Hatua hizo zikifuatana kuzunguka chumba, fundi habebi ubao mmoja mara nne.

Msumeno ndio unaowekwa kwanza, kwa sababu ndio unaodai nafasi zaidi. Ukitazamana na mlango, au mlango na dirisha vikiwa kwenye mstari mmoja, chumba cha futi 12 kinaweza kupasua ubao wa futi 12, kwa kuwa nafasi inayokosekana huazimwa kutoka uani. Mlango wenyewe uwe na upana wa futi 4 au zaidi. Mlango wa kawaida wa chumba hauzidi sana futi 3, na kabati lililokwisha kuunganishwa ndani linaweza kushindwa kutoka.

Mbao huhifadhiwa ukutani, karibu na mlango, zikiwa zimelala. Zikisimamishwa kwa miezi hupinda. Zikilazwa sakafuni hufikiwa na mchwa na unyevu. Vyuma au magogo yanayozinyanyua inchi 6 kutoka sakafuni huondoa matatizo yote mawili na huacha nafasi ya kukagua chini yake.

Vanishi hupakwa mbali na msasa. Vumbi la dakika 5 hutosha kuharibu meza iliyopakwa asubuhi. Kama chumba ni kimoja, kazi hizo zitenganishwe kwa siku: leo msasa na kufagia, kesho vanishi.

Vitu vikubwa vinavyotumika mara chache viwekewe magurudumu yenye kufuli. Katika chumba cha futi 10 kwa 12, meza inayosogezwa ukutani huongeza nafasi kuliko ukuta unaosogezwa.

Benchi na zana za mwanzo

Kitovu cha karakana ni benchi. Benchi jepesi hutembea kila randa inaposukumwa, na nguvu ya fundi huishia kwenye kulishika. Miguu ya mbao za nne kwa nne, uso wenye unene wa inchi 2 hadi 3, urefu wa futi 5 au 6 na upana wa futi 2 hutosha kwa kazi nyingi za nyumbani.

Kimo chake hupimwa kwa mwili wa mtumiaji. Fundi asimame wima, mikono ikining'inia. Uso wa benchi la kurandia ufike karibu na kifundo cha mkono wake. Kwa watu wengi huwa kati ya sentimita 80 na 90. Benchi fupi mno huumiza kiuno, na refu mno humnyima fundi uzito wa mwili wake juu ya randa. Jiriwa hufungwa kwenye kona, juu ya mguu, mahali ambapo benchi halitikisiki.

Zana za kuanzia ni chache: futi ya kupimia, guni la kuhakiki pembe mraba, msumeno wa mkono, randa moja, patasi za robo inchi, nusu inchi, robo tatu na inchi moja, nyundo ya mbao na ya chuma, drili, bisibisi, na jiriwa za mkono zisizopungua nne. Fundi hujuta mara nyingi kwa kukosa jiriwa kuliko kwa kukosa mashine, kwa sababu gundi haisubiri.

Jiwe la kunolea linunuliwe siku moja na patasi. Patasi husagwa kwa pembe ya nyuzi 25 hivi, kisha ncha yake humaliziwa kwa nyuzi 30. Patasi butu husukumwa kwa nguvu, huteleza na kukata mkono. Kali hukata mbao kwa shinikizo dogo. Mvule unastahili tahadhari ya ziada: ndani yake mara nyingi huwa na mawe madogo ya chokaa yanayovunja makali ya zana.

Ukuta ulio juu ya benchi ndio kabati bora la zana. Kila zana ikichorewa umbo lake ukutani, iliyokosekana huonekana jioni kabla ya kufunga. Karibu na bahari, hewa ya chumvi huleta kutu haraka; kitambaa chenye mafuta kidogo kikipitishwa kwenye chuma kila mwisho wa wiki huokoa zana za miaka mingi.

Mashine ya mtaa au mashine ya nyumbani?

Hapa ndipo maoni hutofautiana zaidi. Wapo wanaoamini kuwa karakana isiyo na mashine yake ya kuranda na kupasua haijakamilika. Wapo wanaopeleka mbao kwenye mashine ya mtaani, wakalipa kwa ubao, na kurudi nyumbani na mbao zilizonyooka.

Kwa karakana iliyo kati ya nyumba za watu, njia ya pili ina nguvu. Kupasua na kuranda ndiyo kazi inayotoa sehemu kubwa ya kelele na takataka, tena ndiyo inayohitaji nafasi ndefu kuliko zote. Ikifanyika kwenye mashine ya biashara, nyumbani hubaki kupima, kuchonga ulimi na tundu, kuunganisha na kumalizia. Hizo ndizo kazi zinazoonyesha mkono wa fundi, na jirani anaweza kuzivumilia.

Mashine ya kuranda ina sababu ya kununuliwa pale oda zinapokuwa za kila wiki, na nauli na malipo ya mashine ya mtaani vikikaribia bei yake. Kabla ya hapo hulala kwenye kona na kula nafasi.

> Mashine ya kilowati 1.5 ikifanya kazi saa 2 kwa siku, kwa siku 25, inatumia uniti 75.

Umeme una kipimo chake

Uniti hizo 75 zina maana kwa mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania. Kundi la D1, lenye bei nafuu kwa nyumba zinazotumia umeme kidogo, limewekewa kikomo cha wastani wa uniti 75 kwa mwezi. Mashine moja peke yake inaweza kumaliza kiasi hicho kabla taa na friji havijahesabiwa. Gharama hiyo iingizwe kwenye bei ya kabati.

Plagi ya nyumbani yenye fyuzi ya ampea 13, kwa umeme wa volti 230, hubeba wati 3,000 hivi. Mashine mbili za wati 1,800 kwenye kamba moja ya kuongezea huvuka kiwango hicho. Waya wa soketi uwe wa milimita za mraba 2.5, ule wa 1.5 ni wa taa. Kamba ya kuongezea inayotumika ikiwa imeviringishwa hupata joto hadi kuyeyuka, kwa hiyo ifunguliwe yote.

Hatari ambayo wengi huisahau huja na kukatika kwa umeme. Msumeno unasimama, fundi anauacha na kwenda zake, swichi ikiwa bado imewashwa. Umeme ukirudi, msumeno huanza kuzunguka wenyewe, pengine mtoto akiwa kando. Mashine ziwe na swichi inayojizima umeme ukikatika na kungoja kuwashwa upya. Kama mashine haina swichi hiyo, plagi ichomolewe kila umeme unapokatika, bila kungoja.

Mkatizaji wa umeme wa miliampea 30, ule unaokata mkondo mara unapovuja kwenda ardhini, ni wa lazima kwa karakana yenye sakafu ya udongo au saruji yenye unyevu.

Vumbi linaloua polepole

Mwaka 1968 madaktari wa Uingereza walichapisha utafiti kuhusu watengeneza samani wa eneo la High Wycombe. Waligundua kuwa saratani ya ndani ya pua, ambayo ni adimu kwa watu wengine, iliwapata mafundi hao kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Vumbi la hatari zaidi ni lile lisiloonekana kwa urahisi, linalotoka kwenye msasa na kuelea muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Mvule, mninga na mpingo pia hujulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua cha baadhi ya watu.

Kinga ina ngazi tatu. Kwanza ni kuzuia vumbi lisizaliwe: randa iliyonolewa vizuri hupunguza kazi ya msasa. Pili ni kulikamata linapotoka, kwa mfuko au bomba la kufyonza lililofungwa kwenye mashine. Tatu ni barakoa ya kiwango cha N95 au FFP2. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hilo. Sakafu inyunyiziwe maji kidogo kabla ya kufagiliwa, na nguo za kazi zisiingie chumba cha watoto.

Maranda na vumbi lililorundikana ni kuni zinazongoja cheche. Vitambaa vilivyofutia mafuta ya kitani huweza kuwaka vyenyewe vikikunjwa na kurundikwa, kwa kuwa mafuta hayo hutoa joto yanapokauka. Vianikwe vikiwa vimetandazwa nje hadi vikakamae. Tina na vanishi zikae kwenye kopo la chuma lililofungwa, mbali na jiko, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mlango.

Sikio, kidole na mtoto

Msumeno wa mviringo hutoa kelele ya takriban desibeli 100. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini hushauri sikio lisilokingwa lisikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo kwa nusu. Kwenye desibeli 100 hubaki dakika 15 tu kwa siku. Vizibo vya masikio ni bei ya soda chache.

Kinga ya msumeno isiondolewe kwa haraka ya kazi. Kipande chembamba kisukumwe kwa kijiti, kamwe kisisukumwe kwa vidole. Glavu, mikono mirefu ya shati na ncha za kanga huvutwa na meno yanayozunguka; vyote viondolewe kabla ya kuwasha.

Ajali ikitokea na kidole kikakatika, kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Mgonjwa na mfuko viende hospitali pamoja, bila kuchelewa.

Karakana ya nyumbani ina jambo ambalo ya kiwandani haina: watoto wanaishi hapo. Kufuli ya mlango na swichi kuu iliyo juu, yenye kufungwa kwa ufunguo, vihesabiwe kuwa zana za kwanza kabisa.

Mbao halali, mbao kavu

Msonobari wa mashamba kama Sao Hill, wilayani Mufindi, ni wa bei nafuu na unafaa kwa kujifunzia. Mninga na mkongo ni mbao za misitu ya asili. Anayezinunua adai risiti na nyaraka za Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, kwani mbao zisizo na hati zinaweza kukamatwa zikiwa mikononi mwa fundi.

Mbao zilizopasuliwa juzi zina maji mengi. Zikitengenezwa mlango, mlango husinyaa na maungio hufunguka. Ubao husinyaa kwa upana karibu mara mbili zaidi ukifuata mzingo wa pete za mti kuliko ukifuata njia ya kutoka kiini kwenda gome. Ndiyo sababu hupinda. Ili zikauke, mbao hupangwa kivulini, kila safu ikitenganishwa na vijiti vya inchi 1 vilivyo umbali wa futi 2 au pungufu, na vijiti vipangwe kimoja juu ya kingine ili uzito ushuke moja kwa moja. Ncha zipakwe rangi zisipasuke.

Samani za Dar es Salaam zikipelekwa Dodoma, kwenye hewa kavu zaidi, huendelea kusinyaa. Fundi mwenye mteja wa bara aache nafasi ya ubao kucheza ndani ya fremu ya mlango.

Sheria na jirani

Anayetengeneza stuli zake mwenyewe Jumamosi hana kesi na mtu. Anayeuza anahitaji namba ya mlipakodi na leseni ya biashara ya halmashauri. Akiajiri kijana mmoja, banda limekuwa mahali pa kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inaanza kumhusu. Kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo nazo zina kikomo kwa maeneo ya makazi, kilicho chini zaidi usiku.

Malalamiko mengi, hata hivyo, huishia kwa mjumbe au serikali ya mtaa kabla ya kufika kwa mamlaka ya mazingira ya taifa. Dawa yake ni mazungumzo ya mapema. Fundi anayewaeleza majirani saa zake za mashine, akazishika, na akanyamaza wakati wa ibada, msiba na usiku, hupewa nafasi ya kufanya kazi.

Kwa anayetaka kuanza, mpangilio unaofaa ni huu: pima safari ya ubao na upande wa upepo kabla ya kujenga, jenga benchi zito, nunua zana chache na jiwe la kunolea, peleka kazi nzito kwenye mashine ya mtaa, weka kinga ya umeme na barakoa kabla ya kuongeza mashine ya pili. Karakana iliyopangwa hivyo inaweza kukaa nyumbani. Ile ambayo vumbi lake linatua kwenye chakula cha jirani imeshapita kiasi cha nyumba, na mahali pake ni kwenye eneo la mafundi.